Kadi ya nol: kinga ya mtaji wako siku ya kwanza Dubai

Wanaoniuliza habari za Dubai huanza na hoteli, wakafuatia duka la jumla la abaya, wakamalizia na kago. Mimi jibu langu la kwanza ni kadi ya plastiki ya dirham 25 inayouzwa kwenye stesheni ya treni, hapohapo uwanja wa ndege. Inaitwa nol. Kwa kadi hiyo moja unapanda metro, basi na tramu, na nauli yake ni ileile kwa Mwarabu, kwa Mhindi, kwa Mzungu na kwangu mimi niliyetoka Kariakoo na begi langu. Naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyoikata nitaieleza huko mbele, maana kuna wakati kadi hii haikusaidii kitu, na ni vizuri ulijue hilo ukiwa bado nyumbani.

Nauza abaya, mitandio na vitambaa vya sherehe. Wanawake wengi ninaowaona kwenye ndege wanakwenda na pesa ya kikoba, au ya mkopo, au nusu ya pesa ni ya wateja waliokwishalipia oda. Kwa mtu wa namna hiyo, dirham 100 iliyopotea siku ya kwanza si jambo dogo. Ni bidhaa ambayo hutaitundika kwenye henga, na riba ya mkopo haitakusubiri. Ndiyo maana naumia ninapomwona mwenzangu anapigwa kabla hata hajafika hotelini. Katika kutazama kwangu, kupigwa kule huanzia mahali pamoja kila mara: pale ambapo bei haijaandikwa popote na kuna mtu mwenye maneno matamu wa kukutajia.

Chukua mfano wa uwanja wa ndege. Safari moja nilikwenda na binti wa dada yangu, tukatua mchana Terminal 3. Kwenye ukumbi wa wanaowasili akatufuata kijana nadhifu, Kiswahili chake safi kabisa. "Karibuni Dubai dada zangu, mmetoka Bongo? Mnaelekea Deira? Teksi hapa zinaua, mimi nina gari langu, dirham 120 tu nawafikisha mlangoni." Binti akanigeukia, "Mama mdogo, si bora tupande naye, angalau ni mtu wa kwetu?" Nikamshukuru yule kijana kwa heshima, nikamshika binti mkono, tukafuata mabango ya metro. Hadi stesheni ya Union, katikati ya Deira, mtaa wa maduka tunakofuata mzigo, kila mmoja wetu alikatwa dirham 3.

Tatu dhidi ya mia na ishirini. Na niseme ukweli juu ya teksi za pale, nisiwaonee watu: teksi rasmi zina mita na madereva wanaiwasha bila kuombwa. Ila inayochukua abiria uwanja wa ndege, mita yake inaanzia dirham 25 kabla gurudumu halijazunguka, na ikipita kwenye geti la ushuru wa barabara, lile la Salik, nawe unaongezewa. Kufika Deira utalipa dirham 40 au zaidi kidogo, kutegemea foleni. Ni bei halali. Mkiwa watatu na mizigo, ni bei ya kukubalika kabisa. Lile gari la yule kijana halina mita wala namba ya kulalamikia, na ukisahau begi ndani yake ndiyo basi tena.

Sasa kadi yenyewe. Stesheni zipo Terminal 1 na Terminal 3, kila moja ina dirisha la tiketi na mashine. Dirishani sema "silver". Usiseme tu "nol card", kwa sababu zipo rangi kadhaa na mgeni huishia kuuziwa isiyomfaa. Ya silver inauzwa dirham 25, ndani yake kuna salio la dirham 19, kwa hiyo kadi yenyewe ni dirham 6. Inadumu miaka 5. Haina jina wala picha yako, kwa hiyo ukirudi nyumbani unaweza kumpa mwenzako anayefuata kusafiri, na mimi yangu imeshazunguka kwa nusu ya frem za mtaani kwetu. Ya gold inauzwa bei hiyohiyo ya dirham 25, lakini kila safari inakukata mara mbili, 6 badala ya 3, kwa sababu ya kukaa behewa maalumu lenye viti vipana. Kwa safari ya dakika kumi hadi Deira, viti vipana vya nini?

Kuna tiketi ya karatasi pia, nyekundu, ya dirham 2. Wengi wanaichukua wakiona ni rahisi. Tupige hesabu. Mji umegawanywa kwenye kanda za nauli: kwa silver ni dirham 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili zinazopakana, na 7.50 kwa kanda zaidi ya hapo. Kwa ile nyekundu ni 4, 6 na 8.50. Yaani kila safari dirham moja zaidi, ongeza zile 2 za karatasi. Safari ya nne mnakuwa sawa na mwenye silver, kuanzia ya tano wewe ndiye unayelipa zaidi. Tena nyekundu haikuruhusu kushuka kwenye metro ukaunganisha basi kwa tiketi ileile. Silver inaruhusu: ukishuka na kupanda chombo kingine ndani ya nusu saa, bado unahesabiwa safari moja.

Uwanja wa ndege na Deira yote ya biashara viko kanda moja, ndiyo maana nauli inakuwa 3. Ukivuka kwenda Bur Dubai au Dubai Mall unalipa 5. Kwenda Dubai Marina ni 7.50, na huko sisi wa mzigo tuna shughuli gani, labda siku ya mapumziko. Ipo pia tiketi ya siku nzima ya dirham 20. Mfanyabiashara aliyepanga Deira haimlipi, kwa kuwa maduka mengi atayafikia kwa miguu na hatafikisha safari za kutosha. Mtalii anayetaka kuona mji mzima kwa siku moja ndiye inayemfaa.

Aliyezoea mwendokasi wa Dar hatapata shida: unagusisha kadi getini unapoingia, unagusisha tena unapotoka. Kwenye basi ndiko watu wanakosahau kugusisha wakati wa kushuka, wakakatwa nauli ya juu. Treni haina dereva, na imekuwa hivyo tangu laini nyekundu ilipofunguliwa tarehe 9 Septemba 2009. Laini ya kijani ikafuata tarehe hiyohiyo mwaka 2011, na hiyo ya kijani ndiyo yetu: Union, Baniyas Square, Gold Souq, Al Ras, kisha inapita chini ya maji na kutokea Al Ghubaiba upande wa Bur Dubai. Kwenye kila treni kuna sehemu ya wanawake na watoto, imechorwa rangi ya waridi sakafuni. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake na pesa kifuani, sehemu ile peke yake naipa nyota nzima. Mwanamume akiingia humo anapigwa faini ya dirham 100. Na wewe ukila au kunywa chochote ndani ya treni, hata maji, faini ni hiyohiyo. Mtoto akiwa na kiu, mnyweshe nje.

Nimesema kadi inakinga mtaji, na hapa ndipo penye uzito wenyewe. Deira wapo mawinga, madalali wa mtaani kama wa Kariakoo, na wengine ni watu wetu hasa: Watanzania, Wakenya, Wakongo wanaozungumza Kiswahili, wanaosimama karibu na Naif na Baniyas Square wakisikiliza lugha za wapita njia. Akikusikia unamwita mwenzako "shoga", ameshajua. Atakubebea begi, atakununulia chai, atakuuliza unatafuta mzigo gani, atakupeleka "kwa jamaa yangu, bei ya kiwandani". Mwenye duka atamtazama winga usoni kabla ya kukutajia bei, na katika bei hiyo kuna cha juu cha winga. Simlaumu kila mmoja wao. Wengine wanafanya kazi ya haki, wanatafsiri, wanakusindikiza kago, wanakwambia malipo yao wazi asubuhi kabla hamjaanza. Huyo mlipe na umshukuru. Tatizo ni yule anayesema "hapana dada, mimi sitaki chochote, sisi ni ndugu". Huyo ndiye ghali kuliko wote, kwa sababu hujui umemlipa kiasi gani, na unamlipa katika kila pisi uliyonunua.

Njia niliyoizoea kumjua ni hii: naingia naye dukani, naulizia bei ya pisi kumi na mbili, naandika kwenye daftari. Jioni, nikiwa peke yangu, au kesho yake asubuhi, narudi duka lilelile au la jirani, nauliza bidhaa ileile, idadi ileile. Nimewahi kukuta abaya moja imeshuka dirham 15 kwa sababu tu safari hii nilikuja bila msindikizaji. Kwa dazeni ni dirham 180. Ndiyo faida ya kadi hiyo: anayeweza kwenda na kurudi kwa dirham 3 hana haja ya kununua duka la kwanza. Asiye na usafiri wake hutegemea gari la winga, na akishategemea gari lake atategemea na maduka yake.

Kuvuka kwenda Bur Dubai kutafuta vitambaa, usipande hata metro. Panda abra. Ni boti ya mbao, mnakaa mgongo kwa mgongo katikati, inavuka Khor, ule mkono wa bahari kati ya Deira na Bur Dubai, kwa dakika chache. Nauli ni dirham 1 taslimu, unampa nahodha mkononi, na kila aliyekaa humo, awe kibarua au mtalii mwenye kamera kubwa, analipa sarafu hiyohiyo. Sijui usafiri wa bei nafuu kuliko huo katika mji ule, na kwa mtu wa pwani yetu kuona majahazi yamefungwa gatini, yamepakia friji na matairi, ni jambo la kuusisimua moyo. Ila pale gatini kuna watakaokuita kwa sauti, "Boat, madam! Creek tour!" Hiyo ni abra ya kukodi. Bei rasmi ya kukodi nzima ni dirham 120 kwa saa na imeandikwa kwenye ubao. Ukiitaka, ikodi mkiwa kundi, na mkubaliane kuwa ni dirham 120 za boti nzima, si za kila kichwa. Usipoitaka, pita moja kwa moja hadi wanapopandia watu wengi.

Kwenye abra mojawapo nilikaa jirani na mzee aliyevaa kanzu na kofia ya Kiomani. Nilikuwa namweleza mwenzangu kuwa tukishuka tupitie soko la viungo kutafuta zafarani ya biriani. Mzee akageuka na Kiswahili cha Unguja kilichotulia. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu. Zafarani usiulize bei. Uliza kwanza bei hiyo ni ya gramu ngapi." Alikuwa amekuja kutoka Muscat kwa mambo ya familia. Hatukupata muda wa mazungumzo marefu, lakini ushauri wake nimewapa watu wengi tangu siku hiyo. Na kweli, soko lile ukiuliza bei ya zafarani, au ya udi, utajibiwa namba ndogo ya kupendeza, muuzaji akaanza kujaza mfuko kwa kijiko huku akikusimulia habari za Iran. Mfuko ukishafungwa ndipo unaambiwa ile bei ilikuwa ya gramu moja. Watu huona haya kukataa kitu kilichokwishafungwa, wakalipa. Usione haya. Sema bei, sema uzito, aandike jumla kwenye kikokotoo, ndipo ajaze. Na kabla hujafika huko, ingia kwanza supamaketi yoyote ya mtaani utazame bei ya zafarani iliyobandikwa kwenye rafu. Hiyo ndiyo bei yako elekezi.

Dhahabu ni habari tofauti, na wengi wanaiogopa bure. Bei ya gramu kwa karati 24, 22, 21 na 18 hutangazwa kila siku na huonyeshwa kwenye skrini madukani, kwa hiyo hapo hakuna wa kukudanganya kirahisi. Mazungumzo yako yawe kwenye ufundi tu, ile ada ya kutengenezea pambo. Muuzaji atakutajia jumla moja. Mwombe azitenganishe: uzito kwenye mizani mbele yako, mara bei ya siku, halafu ufundi peke yake. Ufundi unashuka, tena unashuka sana kwa pambo jepesi lililotengenezwa na mashine. Wale wanaokunong'oneza barabarani kuhusu saa na mikoba "kopi", wapite. Ile ni bidhaa bandia, wanakupandisha vyumba vya ghorofani usikokujua, na kushuka bila kununua kunataka moyo mgumu.

Kuna kupigwa kwingine kusiko na mtu wa kukunong'oneza, nako ni kwenye kubadilisha fedha. Dirham imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997 kwa 3.6725, haipandi wala haishuki. Kwa hiyo una kipimo mkononi: kadiri duka linavyokupa mbali na 3.67, ndivyo linavyojilipa kwako. Madirisha ya uwanja wa ndege hutoa kiwango cha chini kuliko maduka ya kubadilishia fedha ya Deira, ambayo yamejaa kila kona na yanashindana. Tofauti ya filsi 10 tu kwa dola (filsi 100 ni dirham moja), kwenye dola 2,000, ni dirham 200. Nauli zako za metro za wiki nzima na zaidi zimo humo. Uwanjani badilisha kidogo tu ya kununulia kadi na kula, zilizobaki peleka Deira, na uulize kama kuna ada ya ziada kabla hujakabidhi noti. Beba dola mpya, safi, kubwa.

Ukilipa kwa kadi ya benki, mashine au karani atakuuliza ukatwe kwa dirham au kwa sarafu ya kwenu. Watakwambia kwa shilingi ni rahisi, unaona kabisa umelipa ngapi. Jibu ni dirham, kila siku, kila duka. Ukikubali shilingi, kiwango wanapanga wao, nacho si cha kukufurahisha.

Hotelini nako: bei uliyoiona mtandaoni mara nyingi haina ile ada ya serikali ya utalii, inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kuanzia dirham 7 kwa hoteli za chini hadi 20 kwa zile za nyota tano. Si wizi, ni halali, ila iwe kwenye bajeti yako usije ukagombana na mhudumu wa mapokezi ambaye hana kosa. Chakula sitakizungumzia sana. Kula kwenye hoteli ndogo za Wapakistani na Wahindi, zenye bei ukutani na vibarua wamejaa mezani, na chai ya karak ya vibandani.

Sasa ile nusu nyota. Kwanza ni saa. Metro inaanza saa 11 alfajiri na kufunga saa 6 usiku, Ijumaa inasogea hadi saa 7 usiku, na Jumapili haianzi hadi saa 2 asubuhi. Ndege nyingi za kwetu zinatua usiku. Ukisimama kwenye foleni ya uhamiaji na ya mizigo, saa 6 inakukuta ndani, na hapo kadi haina msaada, panga pesa ya teksi rasmi. Kwangu huu ni upungufu mkubwa kwa mji unaopokea wageni usiku kucha. Pili, Terminal 2 haina stesheni ya metro. Wanaosafiri kwa mashirika ya bei nafuu wengi hutua huko, yaani walewale wanaobana matumizi ndio wanaokosa treni. Kuna basi linalotumia kadi hiyohiyo, lakini mgeni mwenye mizigo usiku halioni kirahisi.

Tatu ni mizigo. Wanaruhusu begi moja kubwa na moja dogo kwa mtu. Unapokuja na begi tupu hakuna neno. Unapohamisha mabunda ya vitambaa kutoka duka hadi kago, metro si mahali pake, tumia wabebaji wa mikokoteni na mkubaliane bei kwa mzigo mzima hadi mlangoni. Nne, Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za Kichina, haiko kwenye reli. Unakwenda kwa laini nyekundu hadi Centrepoint, mwisho wa reli, halafu unaunganisha basi. Kadi inafanya kazi kote, ila asubuhi yako imekwisha. Na jua la Julai kati ya stesheni na duka si la mchezo, tembea asubuhi na baada ya Alasiri. Kuongeza salio dirishani nako siku hizi wanataka kuanzia dirham 50, ambayo kwa mtu wa siku tatu ni nyingi, kwa hiyo usingoje kadi iishe siku ya mwisho ndipo uongeze.

Pamoja na hayo yote, ningeambiwa nichague huduma moja ya Dubai ya kuletwa Dar kama ilivyo, ningechagua hii. Haihitaji ujanja. Bibi yangu asiyejua Kiingereza wala Kiarabu angelipa nauli ileile anayolipa tajiri wa pale, na angejua amelipa ngapi kwa sababu geti linamwonyesha salio kila anapopita.

Siku ya kurudi nachukua teksi ya mita kutoka barabarani, kwa kuwa ile 25 ya kuanzia ni ya kutokea uwanja wa ndege tu. Kutoka mjini mita inaanzia chini zaidi, na mabegi yangu kwa wakati huo hayaingii metro. Nafika mapema kwa sababu ya VAT. Tangu Januari 2018 Dubai wanatoza asilimia 5, na msafiri anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo. Duka liwe limo kwenye mpango, manunuzi yawe yameanzia dirham 250, na uonyeshe pasipoti wakati wa kulipa, usingoje baadaye. Wanarudisha asilimia 85 ya kodi, wakitoa dirham 4.80 kwa kila risiti iliyosajiliwa. Bidhaa ya dirham 2,000 kabla ya kodi ina VAT ya 100, mkononi unapata 80 na filsi 20. Kwa hiyo unganisha manunuzi ya duka moja kwenye risiti moja, usilipie ile 4.80 mara tatu. Mzigo uliokwenda kago haumo, ni ule tu unaoondoka nao mwenyewe, na wanaweza kutaka kuuona. Kwa sababu hiyo nenda kwanza kwenye kaunta yao ukiwa bado na mabegi yako, kabla hujayapeleka kwenye mizani ya shirika la ndege.